Nyumba Yangu, Kura ya Majirani

Mwaka 2019 nilinunua nyumba ya vyumba vitatu karibu na Orlando, jimbo la Florida, kwa nia ya kuwapangisha kwa siku chache watalii wanaokwenda Disney World. Mtaa ule unaongozwa na chama cha wamiliki wa nyumba, ambacho huku Marekani sote tunakiita HOA. Nilisoma masharti yake kabla ya kutia saini, nikaona kupangisha kunaruhusiwa bila kutajwa muda, nikaridhika.

Miaka mitatu baadaye, majirani waliochoshwa na magari yanayoegeshwa juu ya nyasi na makelele ya bwawani usiku walipiga kura, na kupangisha kwa muda ulio chini ya miezi sita kukapigwa marufuku. Nilijifariji kwa maneno ya wakala mmoja kwamba sheria ya Florida ya mwaka 2021 inamlinda mmiliki aliyekwisha kununua nyumba dhidi ya katazo jipya ambalo hakulikubali. Kumbe alikuwa amenipa nusu ya habari. Sheria hiyo humlinda anayepangisha kwa muda mrefu, lakini inakiruhusu chama kuzuia upangishaji wa chini ya miezi sita, au wa zaidi ya mara tatu kwa mwaka, na katazo hilo huwafunga hata waliolipinga. California nako, chama hakiwezi kukataza kabisa kupangisha, ila kinaweza kukataza kupangisha kwa siku 30 au pungufu. Mjomba wangu aliyeko Tanga hadi leo haelewi inakuwaje mtu alipie nyumba yake, kisha jirani amwamulie nani alale ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua nyumba yenye chama kama hiki, pamoja na masharti, omba kumbukumbu za mikutano ya chama za miaka miwili iliyopita, kwa sababu malalamiko ya maegesho na wageni yakijirudia kila mkutano, ujue kura iko njiani. Uliza pia ni wamiliki wangapi wanaishi mtaani humo na wangapi ni wawekezaji kama wewe. Iko mitaa ya upande wa Kissimmee, mji jirani na Orlando, iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya wageni, na humo si rahisi wenye nyumba wapige kura ya kujinyima riziki. Leseni ya jimbo ya kupangisha wageni ni jambo la pembeni: kuwa nayo hakukuondolei katazo la chama.

Kisha piga hesabu kana kwamba mgeni wa siku mbili hatakuja kamwe. Ada ya chama hulipwa hata nyumba ikiwa tupu, na usipoilipa chama kinaweza kuifanya nyumba yenyewe kuwa dhamana ya deni hilo. Nyumba yangu sasa imepangishwa kwa mkataba wa mwaka. Kodi inatosha mkopo na ada, na bwawa likihitaji ukarabati natoa mfukoni.