Nani anauza chai wakati wa mapumziko?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limeuliza hivi: klabu ya mpira ikikosa kununua uwanja inaouchezea, ukaangukia mikononi mwa mwingine, ina mustakabali gani? Najua wengi watawaandikia kwamba klabu isiyo na uwanja ni kama mtu mzima anayelala sebuleni kwa shemeji yake. Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, mpaka nilipokwenda kuishi katika mji ambao klabu yake ilipitwa na uwanja wake mara mbili.

Mji wenyewe ni Coventry, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Nilifika huko 2011 kwa masomo, nikamalizia na kazi ya usiku kwenye ghala mpaka 2015. Mimi mtu wa Tanga, shabiki wa Coastal Union ya kwetu tangu tumboni, na nilijiambia sitakwenda kugombania Arsenal na Manchester na wenzangu wakati mji ninaolala una timu yake. Kumbe nilijitafutia presha. Coventry City si timu ya juzi: ilianzishwa 1883 na wafanyakazi wa kiwanda cha baiskeli cha Singer, ikakaa ligi kuu miaka 34 mfululizo mpaka iliposhuka 2001, na 1987 ilibeba Kombe la FA kwa kuifunga Tottenham 3-2. Lakini mimi niliikuta imeshauza Highfield Road, nyumba yake tangu 1899, ambako leo wanaishi watu, na tangu 2005 inacheza kwenye uwanja mpya wa watu zaidi ya 32,000. Uwanja mzuri kweli. Haukuwa wao.

Nusu ya kampuni ya uwanja ilikuwa ya halmashauri ya jiji, nusu nyingine ya mfuko wa hisani wa Higgs. Nusu hiyo ya pili ilikuwa ya klabu yenyewe, ikaiuza ilipobanwa na madeni hata kabla uwanja haujafunguliwa. Basi klabu ikawa mpangaji, kwa pango la zaidi ya pauni milioni 1.2 kwa mwaka. Pango lilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini aliyenifumbua macho kuhusu hasa kilichokuwa kinawaumiza ni mzee mmoja tuliyekuwa zamu moja ghalani.

Mara ya kwanza aliponipeleka uwanjani, ilipofika mapumziko nikainuka niende kununua chai. Akanishika mkono, akaniambia nikae. Akatoa kwenye mfuko wa koti mkate wenye jibini uliofungwa kwa karatasi, akaukata vipande viwili, akanipa kimoja. Humu hanunui kitu, akasema, kwa sababu ukinunua pai na chai, pauni yako haiendi kwenye timu. Nikageuka kuangalia ile foleni ya kwenye vibanda, watu na jezi zao za bluu ya mbinguni, kila mmoja akidhani anaichangia klabu yake. Klabu ndiyo iliyowaita, klabu ndiyo iliyowaleta na njaa yao, na anayewalisha ni mwingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hili: jina lililoandikwa kwenye hati ya uwanja si la kwanza kuuliza. Uliza nani anauza chai, nani anapanga kalenda, nani anatunza nyasi, na mkataba unaisha lini. Klabu yenye majibu mazuri ya maswali hayo inaweza kuishi nyumba ya kupanga miaka hamsini. Isiyo nayo, hata ukiipa hati leo, itaiweka rehani keshokutwa.

Angalia kilichofuata. Kuanzia Aprili 2012 klabu, ikiwa chini ya SISU, mfuko wa uwekezaji wa London ulioinunua mwishoni mwa 2007, iliacha kulipa pango. Kukawa na kesi, kukawa na ufilisi 2013, na msimu uliofuata timu ikahamishiwa Northampton, uwanja wa Sixfields, kilomita 55 hivi kutoka nyumbani. Mashabiki zaidi ya elfu kumi waliokuwa wakija Coventry, kule walibaki wastani wa elfu mbili na kidogo. Mtoto wa miaka saba hawezi kupanda basi la saa nzima kwenda kutazama "timu ya nyumbani".

Nyuma ya uwanja wa Sixfields kuna kilima. Mzee aliapa kwamba hatowapa wamiliki hata senti, lakini vilevile alishindwa kukaa nyumbani timu ikicheza. Basi akawa anasimama kilimani na wenziwe, wamevaa jezi, wameshika mabango, wanatazama mpira bure kwa mbali. Nilikwenda naye Jumamosi moja ya mvua. Kutoka pale unaona sehemu tu ya uwanja. Mpira ukiingia upande uliofichwa na jukwaa, unasubiri kusikia kelele, na kelele za watu elfu mbili hazikwambii kama limeingia au limekosa. Jamaa mmoja alikuwa na redio sikioni, yeye ndiye akawa anatutangazia. Nimetazama mpira Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, nikiwa juu ya mti, nimetazama kupitia tundu la ukuta, lakini sijawahi kuona watu wazima wakilipa nauli kwenda kutoingia uwanjani kwao. Kama kuna mtu anataka kujua klabu inakufa vipi, ni vile.

Walirudi nyumbani Septemba 2014. Siku ile ya mechi na Gillingham waliingia watu 27,306, timu ya daraja la tatu hiyo, wakashinda bao moja kwa bila. Mzee alilia. Wiki chache baadaye tukasikia uwanja umeuzwa kwa Wasps, klabu ya raga iliyotokea upande wa London, ambayo hapo Coventry haikuwa na hata shabiki wa kusingiziwa. Ikapewa na mkataba wa ardhi wa miaka 250. Mashabiki wa City walisema yamekwisha. Na kweli miaka ile ilikuwa michungu: 2017 timu ilishuka mpaka daraja la nne, na kuanzia 2019 ikafukuzwa tena na migogoro ya mkataba na kesi, misimu miwili ikicheza Birmingham.

Hapa lazima niseme kitu kinachonipinga mwenyewe. Ikiwa huko huko Birmingham, 2020, Coventry ilitwaa ubingwa wa daraja la tatu na kupanda. Kocha Mark Robins alifanya kazi ambayo mpaka leo sielewi aliifanyaje. Kwa hiyo timu inaweza kushinda ikiwa ugenini mwaka mzima. Lakini timu na klabu ni vitu viwili.

Na yule aliyepata hati? Wasps walikopa kwa umma pauni milioni 35 kwa kuuza dhamana, yaani ahadi za kulipa mkopo na riba, deni likakaa mgongoni mwao. Oktoba 2022 walikuwa wamefilisika, wachezaji na wafanyakazi nje. Mwenye uwanja ndiye aliyezikwa, mpangaji akabaki anacheza. Sisemi uwanja pekee ndio uliowaua, maana ugonjwa wa corona na hesabu za raga ya Uingereza nazo zilichangia, lakini wanaosema "ukiwa na uwanja umepona" waende wakawaulize Wasps.

Uwanja uliporudi sokoni, Coventry City, safari hii ikiwa na mnunuzi mpya Doug King, ilijaribu kuuchukua. Ikashindwa. Frasers Group, kampuni ya maduka ya tajiri Mike Ashley, iliununua kwa pauni milioni 17, Novemba 2022. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu mwezi uliofuata aliandika barua kabisa. Mpangaji ama asaini masharti mapya ama aondoke.

Kilichotokea ndicho ninachotaka wasomaji wenu wakishike. King hakuhamisha timu kwa hasira. Alikaa mezani, akapata kwanza ruhusa ya kumaliza msimu, baadaye mkataba wa miaka mitano. Mei 2023, timu ambayo nusu mwaka nyuma ilipewa barua ya kutoka ilikuwa Wembley kwenye fainali ya kuwania kupanda, ikaikosa ligi kuu kwa penalti mbele ya Luton. Kiangazi kile kile Viktor Gyökeres akauzwa Sporting ya Lisbon kwa fedha zinazokaribiana na bei aliyonunulia Ashley uwanja mzima. Mshambuliaji mmoja! Mashabiki wakarudi, zaidi ya elfu ishirini kwa wastani. Mpangaji mwenye mkataba unaoeleweka, mwenye watu wake, aliyekaa mji wake, hakufa. Alinenepa.

Kwetu tunalijua hili ila hatulitaji. Azam FC ina uwanja wake Chamazi, safi, taa zote zinawaka. Ilibeba ubingwa 2013/14. Kuanzia hapo mpaka 2025 mataji yote ya ligi yamegawanwa na Simba na Yanga, ambazo mechi zao zinachezwa uwanja wa serikali wa Mkapa ikiwezekana, na ukifungwa kwa matengenezo zinahamia uwanja wa KMC au kwa Azam huyo huyo. Hazina hati, zina watu. Klabu za mikoani ndizo ninazozihurumia. Viwanja vingi, Mkwakwani ukiwemo, ni mali ya CCM, na sioni klabu ya Tanga ikinunua ule uwanja kesho wala mtondogoo. Lakini sijawahi kusikia kwenye mkutano wa wanachama mtu akisimama kuuliza mkataba wetu wa uwanja una kurasa ngapi. Tunauliza usajili, tunauliza kocha. Mabango ya matangazo yanayozunguka uwanja ni ya nani siku ya mechi yetu? Likija tamasha la muziki wiki ya mechi, nyasi anazilipia nani? Coventry walishapatwa na hilo: Agosti 2022, baada ya raga ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kuchezwa pale, uwanja ulichakaa mpaka mechi zao za mwanzo zikaahirishwa. Hakukuwa na njama, mpangaji tu hakuwa na sauti kwenye kalenda.

Sikatai, kumiliki ni kuzuri. Agosti 2025 klabu hatimaye ilitangaza kuununua uwanja ule kutoka kwa Frasers, miaka ishirini tangu iingie humo kama mpangaji. Haikununua kwa sababu ilinuna vizuri. Ilinunua kwa sababu ilikuwa bado hai, na ilikuwa bado Coventry.

Siku ile nilimpigia mzee. Sasa amestaafu, masikio mazito, ikabidi nirudie mara mbili nani anayepiga. Nikampa hongera, nikamwambia sasa mko kwenu. Akacheka, akasema msimu huu mkate wake utabaki nyumbani.

Msomaji wenu,
Tanga