Tangi Jipya Lisilopumua

SWALI: Peugeot 504 yangu imetiwa injini ya Toyota na tangi jipya hapa Nakuru. Nikipanda kuelekea Njoro huzima. Nikifungua kifuniko cha tangi husikika "fyuu", kisha huwaka. Je, ni pampu?

JIBU: Ndugu msomaji, pampu usiiguse kwanza. Sauti hiyo ni hewa inayoingia kwa nguvu, kwa kuwa petroli ilivutwa bila hewa kuchukua nafasi yake. Fundi aweke mpira wa kupumulia juu kabisa ya tangi, aupandishe kupita mdomo wa kujazia, kisha aushushe nje, mbali na ekzosi, pamoja na valvu inayojifunga gari likipinduka. Nakusihi, mpira huo usiishie ndani ya buti: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo, na cheche moja yatosha kuuwasha.