Maswali na Majibu: Superman ni Mtoto wa Nani?

Baada ya safu hii kumgusia Superman, yule shujaa wa katuni aliyezaliwa katika sayari nyingine na kulelewa na wakulima wa Marekani, zimenifikia barua na jumbe nyingi kutoka hapa Tanga mjini na wilaya za jirani. Maelezo ya wasomaji yanapingana, na kila mmoja ana uhakika na lake. Sishangai, kwa kuwa kisa hiki kimeandikwa upya mara nyingi tangu mwaka 1938. Kwa sababu hiyo nitataja mwaka katika kila jibu, maana bila mwaka tutabishana hadi alfajiri.

Mimi na kaka yangu tumegombana kwa ajili ya jambo hili. Yeye anasema Superman alilelewa katika kituo cha yatima, nami nasema aliokotwa na mzee Kent. Nani mkweli? (Msomaji, Chumbageni)

Nyote wawili ni wakweli, ila kaka yako anasimulia kisa cha zamani zaidi. Katika jarida la Action Comics namba 1, lenye tarehe ya Juni 1938 ingawa lilianza kuuzwa Aprili, maisha yote ya utotoni ya Superman yamebanwa katika ukurasa mmoja. Sayari isiyotajwa jina inakufa kwa uzee, mwanasayansi mmoja anamtia mwanawe mchanga ndani ya chombo kilichoundwa harakaharaka na kukielekeza Duniani, kisha mpita njia mwenye gari anakiona na kumpeleka mtoto katika kituo cha yatima. Iko picha ya mtoto huyo akiwa ameinua kiti kizima juu ya kichwa chake, huku wahudumu wamepigwa na butwaa. Jina la Kent hapo analo mwenyewe tu. Hao wazazi walezi hawaonekani kabisa.

Mwaka uliofuata, 1939, alipopewa jarida lake mwenyewe, ndipo wakaingia mzee Kent na mkewe. Wao ndio wanaomwokota, wanampeleka kituoni, halafu wanarudi kumwomba kwa sababu wameshindwa kumsahau. Kituo kinamtoa kwa furaha, maana alikuwa karibu kukibomoa. Jina la sayari, Krypton, lilitokea mwaka huohuo katika katuni za magazetini, pamoja na majina ya wazazi wake wa damu, ambayo leo tunayaandika Jor-El na Lara. Mji wa Smallville ulipata jina lake mwaka 1949. Hivyo ninyi wawili mnaweza kupatana, ila mpatane kwa kutaja mwaka.

Shikamoo. Ninalea mtoto wa marehemu dada yangu pamoja na wanangu. Walipotazama filamu ya Superman wakaniuliza kwa nini anaitwa Kent ilhali Kent si baba yake. Sisi tumefundishwa kuwa mtoto huitwa kwa baba yake mzazi. Niwajibu nini? (Mama, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Wanao wameuliza swali zito kuliko yote yaliyonifikia, na ni swali ambalo mtoto wa pwani hawezi kulikwepa, kwa kuwa aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaagiza wazi kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao.

Jibu la kwanza ni kwamba nasaba yake haikupotea. Anayo majina mawili. Huku anaitwa Clark Kent, na kwao ni Kal-El, na hilo “El” ni jina la ukoo wa baba yake, Jor-El. Binamu yake Kara, aliyeingizwa katika kisa mwaka 1959 na kujulikana kama Supergirl, ni binti wa Zor-El, nduguye Jor-El, kwa hiyo hata ami anatambulika. Jina la Clark nalo, katika masimulizi yaliyozoeleka, ni jina la ukoo wa mama mlezi kabla hajaolewa. Mtoto huyu amebeba koo tatu mabegani, na hakuna uliofutwa kwa ajili ya mwingine.

Jibu la pili linahusu namna alivyoambiwa, na hapa masimulizi hayafanani. Katika toleo la mwaka 1986 lililoandikwa na kuchorwa na John Byrne, theluji kubwa iliwafungia akina Kent, yaani Jonathan na mkewe Martha, shambani kwa miezi kadhaa, nao wakatumia kipindi hicho kuwaambia majirani kwamba Martha amejifungua. Mtoto akakua akiamini hivyo mpaka siku ambayo Jonathan, baada ya mechi ya shule ambayo kijana alitamba kupita kiasi, alimpeleka akamwonyesha chombo alichokuja nacho. Wakati huo alikuwa na miaka 18. Wengi wanalipenda toleo hili kwa kuwa wazee hao wanabaki hai na mtu mzima Clark anarudi nyumbani kula chakula cha mama na kuomba ushauri. Mimi pia nalipenda kwa sababu hiyo, lakini huo uongo wa kujifungua unanikera. Katika toleo la 1939 mtoto aliombwa kituoni hadharani, na wazee wakamwambia mapema mambo mawili: azifiche nguvu zake ili watu wasimwogope, na wakati ukifika azitumie kuwasaidia watu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu wa 1939 alilelewa bila kufichwa.

Nakuona hata wewe hukumficha mtoto wa dada yako, kwa kuwa wanao wanajua kutofautisha baba mzazi na mlezi. Waambie basi kwamba Kent ni jina la malezi, na El ni jina la nasaba.

Kwani Superman aliruka angani tangu mwanzo? (Kijana, Raskazone)

Hapana. Mwaka 1938 alikuwa akidunda tu. Jarida la kwanza linasema aliweza kuruka umbali wa moja ya nane ya maili, yaani mita 200 hivi, kuvuka jengo la ghorofa ishirini, kushinda treni kwa mbio, na kwamba ngozi yake haitobolewi na kitu kilicho pungufu ya kombora linalopasuka. Ili msomaji aamini, mwandishi akamtolea mfano sisimizi anayebeba mzigo mzito mara mamia kuliko mwili wake, na panzi anayeruka mbali kuliko kimo chake.

Kilichompandisha hewani ni mahitaji ya kazi. Katika mchezo wa redio ulioanza Februari 1940 msikilizaji haoni mguu umekanyaga wapi, hivyo sauti ya upepo ilitosha kumpeleka popote. Mwaka 1941 studio ya Fleischer ilipomtengenezea katuni za sinema, kumchora akidunda na kutua, akidunda na kutua, kulionekana kichekesho, wakaomba aruhusiwe kuruka kama ndege. Sababu ya nguvu zake nayo ilibadilika. Hapo awali zilisemwa zinatokana na maumbile ya watu wa kwao na uzito mkubwa wa sayari yao; kuanzia mwaka 1960 hivi zikahamishiwa kwenye miale ya jua letu la njano.

Wanafunzi wangu walipomaliza kusoma habari za Fumo Liyongo walisema yeye ni Superman wa Waswahili, kwa kuwa wote wawili wana mahali pamoja pa kuuliwa. Ulinganisho huu unakubalika? (Mwalimu, Pangani)

Unakubalika nusu, Mwalimu. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa kwa mwanawe mwenyewe, ambaye mtawala wa Pate alikuwa amemrubuni kwa ahadi ya kumwoza binti. Udhaifu uko mwilini mwa Liyongo tangu kale, na asingeujua adui kama si mtu wa ndani.

Udhaifu wa Superman ulichelewa kuja. Kwa miaka mitano ya mwanzo hakuwa na kitu mahususi cha kumwangusha, jambo lililowatesa waandishi, maana shujaa asiyeshindwa hana kisa. Jiwe la kryptonite, kipande cha sayari yake iliyolipuka, lilisikika kwa mara ya kwanza redioni mwaka 1943, na katika majarida likaingia mwaka 1949. Watu wa redio walilipenda kwa sababu nyingine pia. Mwigizaji Bud Collyer alipohitaji likizo, Superman alilazwa hoi kwa sumu ya jiwe hilo, na mtu mwingine akawa anaguna tu mbele ya kipaza sauti hadi Collyer aliporudi.

Ila wanafunzi wako wamegusa jambo moja ambalo ningependa waliendeleze darasani. Liyongo anauawa na mwanawe, na Superman anaangushwa na udongo wa kwao. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba Liyongo alikufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa, na hakuna mwandishi aliyemfufua.

Krypton tunayosoma kwenye kemia ndiyo hiyohiyo? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Pongwe)

Jina ni moja, vitu ni viwili. Kryptoni ya darasani ni gesi isiyo na rangi wala harufu, yenye namba atomia 36, iliyogunduliwa mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Hata hivyo, sayari ya kubuni imewahi kupewa jua la kweli: mwaka 2012 mtaalamu wa nyota Neil deGrasse Tyson aliombwa na wachapishaji kuichagulia nyota, akachagua LHS 2520, kibete chekundu (nyota ndogo yenye mwanga hafifu) kilichoko umbali wa miaka ya nuru 27 hivi katika kundinyota la Corvus.

Superman akijifanya Clark anavaa miwani tu na hakuna anayemtambua! Mnatudharau? (Msomaji, Ngamiani)

Ngamiani asingefika adhuhuri, hilo nakubali. Jirani angeshauliza mbona leo hukuvaa miwani. Utetezi bora niliouona ni wa Christopher Reeve katika filamu ya mwaka 1978, ambaye kwa Clark alijikunyata mabega, akabadili sauti na upande wa kuchania nywele, hata ukasadiki kuwa ni watu wawili. Lois Lane mwenyewe, mwandishi wa habari mwenzake na mpenzi wake, aliambiwa ukweli mwaka 1991, na ndoa ikafungwa mwaka 1996. Mtoto wao wa kiume anaitwa Jonathan, jina la babu mlezi.

Ni kweli alikufa? (Msomaji, Korogwe)

Alikufa katika jarida lake namba 75, lililouzwa tarehe 18 Novemba 1992, akipigana na dubwana liitwalo Doomsday. Kila ukurasa wa jarida hilo ni picha moja kubwa, na baadhi ya nakala zilifungwa katika mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi. Mwaka 1993 alikuwa amesharudi. Biashara haikutaka arobaini ipite.

Waliombuni walitajirika? (Msomaji, Muheza)

Hawakutajirika. Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji, walikuwa vijana wa Kiyahudi waliosoma shule moja huko Cleveland, wazazi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ulaya. Kisa cha mtoto anayefika ugenini na kupewa jina jipya hawakukitoa mbali, na sisi wa Tanga, mji ambao mkonge wake ulitoka Florida mwaka 1893 na wafanyakazi wake wakaufuata kutoka kila pembe, tunakielewa bila mkalimani. Mwaka 1938 waliuza kisa cha kurasa 13 pamoja na haki zote kwa dola 130, dola 10 kwa ukurasa. Walihangaika mahakamani kwa miaka mingi. Macho ya Shuster yalififia, naye hakuweza tena kuishi kwa kuchora. Mwaka 1975, baada ya malalamiko yao kuenea magazetini, kampuni iliyommiliki Superman ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao katika kazi. Hundi iliyobeba zile dola 130 iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000, na nakala moja ya jarida la kwanza ilifika dola milioni 6 mwaka 2024. Wao walikuwa wameshafariki, Shuster mwaka 1992 na Siegel mwaka 1996.

Mimi ni mchoraji. Nataka chombo cha Superman kianguke katika shamba la mkonge, alelewe na mzee wa Kidigo. Nitashitakiwa? (Kijana, Mikanjuni)

Kuchora daftarini kwako hakuna atakayekufuata. Kuchapisha na kuuza ni jambo lingine, kwa sababu jina na ile nembo ya kifuani vinalindwa kama alama za biashara, na kisa kinalindwa kwa hakimiliki. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukaulize kuhusu sheria ya hapa kabla hujatumia fedha. Kwa Marekani, jarida la 1938 litakuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2034, lakini kitakachokuwa huru siku hiyo ni kilichomo ndani yake tu: mtoto wa kituo cha yatima, arukaye mita 200, asiyejua kupaa, asiyelijua jina la sayari yake wala jiwe la kumdhuru. Ukimpa mzee wa Kidigo wa kumlea, huyo mzee atakuwa wako kabisa, na kwa maoni yangu ungeanza na yeye leo, ukimtafutia mtoto mwingine wa kumlea.