Viroboto wanaorudi baada ya kupuliza dawa: yaliyotukuta Buruburu

Dada, pole sana. Umesema umepuliza dawa mara mbili, umetupa zulia, umemwogesha mbwa, na wiki mbili baadaye mtoto ameamka tena na vipele kwenye vifundo vya miguu. Unauliza kama uliuziwa dawa feki. Huenda ilikuwa nzuri tu. Mimi nilipitia hayo hayo hapa Buruburu, Nairobi, miaka mitatu iliyopita, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu nilimwaga pesa nyingi, na nusura nimpoteze paka, kwa kukosa mtu wa kunieleza.

Viroboto unaowaona kwa mbwa ni wachache mno ukilinganisha na wale walio ndani ya nyumba. Jike akishanyonya damu anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai yenyewe hayashiki manyoya. Yanadondoka kila anapopita mbwa, na hasa pale anapolala. Yakianguliwa hutoka mabuu madogo meupe yanayokimbia mwanga. Yanajichimbia kwenye zulia, chini ya matakia ya kochi na ndani ya nyufa, yakila kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha buu hujifungia kwenye kifuko kinachonata, kikajipaka vumbi la nyumba mpaka usikitofautishe nalo. Dawa haipenyi humo. Kiroboto anaweza kukaa ndani ya kifuko hicho wiki nyingi, hata miezi, akisubiri joto, pumzi au mtikisiko wa hatua. Bila shaka hao ndio waliomuuma mtoto wako. Siku unapuliza, walikuwa bado wamejifungia.

Sakafu yetu ni ya vibao, ile ya zamani, na kati ya kibao na kibao ukucha unaingia. Nilimlipa kijana wa kupuliza dawa shilingi 4,500. Siku ya kumi na mbili viroboto wakarudi. Nikampigia kwa hasira, akaja akapuliza tena, na mara tu alipoondoka nikapiga deki nyumba nzima kwa sabuni ili harufu iishe. Hapo nilikuwa nimeifuta dawa yote kwa mkono wangu. Dawa lazima ibaki sakafuni ikauke, iwasubiri wale wanaotoka kwenye vifuko. Watoto na wanyama watoke nje mpaka ikauke kabisa na madirisha yawe yamefunguliwa vya kutosha, lakini deki iache kwa siku kadhaa kadiri lebo inavyosema.

Kilichotusaidia kweli ni mashine ya kufyonza vumbi. Niliiazima kwa dada yangu South B, nikaipitisha kila siku kwa wiki mbili mfululizo: chini ya vitanda, pembeni mwa kuta, ndani ya kochi. Mtikisiko wake huwaamsha walio kwenye vifuko, wakitoka wanakutana na dawa. Vumbi ulifunge kwenye mfuko na ulitoe nje siku hiyo hiyo. Kama huna mashine, chukua kisu chembamba uchokonoe nyufa moja moja, kisha ufagie. Ni kazi ya kuumiza mgongo, lakini siku ya kwanza nilipochokonoa ufa ulio mbele ya kochi nilitoa vumbi jeusi kama majani ya chai. Nikaliweka kwenye karatasi ya shashi iliyoloweshwa, na baada ya dakika likaanza kutoa wekundu wa kutu. Ilikuwa damu. Damu ya mbwa wetu, na labda yetu pia. Nilikaa pale chini nikiangalia ile karatasi na nikajua sitaacha kufyonza hata siku moja.

Mashuka na tandiko la mbwa, fua kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu. Na ukinunua dawa ya nyumba, angalia lebo kama ina pyriproxyfen au methoprene. Hizo huzuia mayai na mabuu kukua, wakati zile nyingi za kawaida zinaua wakubwa tu.

Sasa wanyama. Watibu wote siku moja, hata yule usiyeona akijikuna. Na hapa nakuomba unisikilize, kwa kuwa umesema una paka. Nilinunua dawa ya matone ya mbwa, ikabaki kidogo, nikampaka paka shingoni. Jioni alianza kutetemeka masikio, kisha miguu, kisha mwili wote, mate yakimtoka. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, nikamfunga taulo, tukakimbia kwa daktari wa mifugo. Alilala huko siku mbili na Mungu akamsaidia. Dawa ile ilikuwa na permethrin, ambayo mbwa anaistahimili lakini paka inamuua, hata kwa kulaliana na mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe wanayokupimia agroveti (duka la dawa za mifugo) kwenye chupa ya soda pia usimguse nayo paka. Paka anunuliwe dawa iliyoandikwa ni ya paka, kwa uzito wake. Na mafuta taa usimpake mnyama yeyote wala usimwage sakafuni. Yanachoma ngozi, na nyumba inaweza kushika moto.

Kuhusu kupe uliowaona wakipanda ukutani, huyo ni kupe wa kahawia wa mbwa, na ana tabia mbaya kuliko kupe wengi: anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba bila kuona nyasi. Jike akishiba anavimba kama kunde iliyolowa, rangi ya majivu. Anajidondosha, anapanda juu kutafuta pa kujificha, anataga maelfu ya mayai, anakufa. Mimi nilibandua kalenda ya sebuleni na nyuma yake nikakuta rundo la mayai ya hudhurungi yanayong'aa, madogo kuliko punje za wimbi. Kwa hiyo usitazame chini tu. Angalia nyuma ya picha, mikunjo ya mapazia, fremu za milango na mbao za kibanda cha mbwa. Kwa mbwa mwenyewe, chunguza ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mng'oe kwa kibanio cha nyusi, ukimshika karibu kabisa na ngozi, uvute polepole bila kuzungusha, kisha umtie kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti wala usimminye kwa vidole.

Mbwa wetu aliacha kula wiki ile ile, ufizi ukawa mweupe. Kipimo cha damu kilionyesha Ehrlichia, bakteria wa ugonjwa unaoletwa na kupe huyo huyo, akapewa dawa kwa mwezi mzima. Ukiona homa, uchovu au damu puani, usingoje kesho.

Kujua kama unashinda, vaa soksi nyeupe ndefu utembee polepole chumba kwa chumba jioni. Mimi nilitumia za shule za kijana wangu. Wiki ya kwanza nilihesabu viroboto 23 kwenye soksi, wiki ya tatu 6, wiki ya sita hakuna hata mmoja. Msimu huu wa baridi wa Julai wanakua polepole zaidi, kwa hiyo kwako huenda ikachukua muda mrefu kuliko sisi tulioanza Februari.

Niambie sakafu yako ni ya saruji au ya vibao, na kama kuna paka wa mtaani wanaolala kwenye ua wako. Hilo la pili hukuligusia, na kwetu walikuwa wanalala chini ya ngazi ya nyuma.