Re: Mtoto anasema vyombo ni kazi ya kike, nani amfundishe?

Habari dada, pole. Nimekusoma hivi: mwanao wa darasa la tatu hataki kuosha vyombo, eti kazi ya kike, na shuleni anamwambia mwenzake Wachaga kwao ni hela tu. Mwalimu anasema malezi ni ya nyumbani, baba anasema ada analipa ya nini.

Kabla hujagombana na yeyote, muulize mtoto kwa upole, "Nani kasema?" Hapa Dar mara nyingi ni mjomba sebuleni, konda wa daladala, au sisi wenyewe. Kwangu la vyombo halikuisha kwa mahubiri. Liliisha baba yao aliposhika dodoki, watoto wanamwona. Mwambie mumeo hiyo haina ada.

Kisha omba kuona orodha ya zamu za usafi darasani. Ukikuta wasichana wanadeki na wavulana wanahamisha madawati tu, basi shule nayo inafundisha, tena kila siku. Anza na mwalimu wa darasa. Akikwepa, lipeleke kikao cha wazazi.

La Uchaga ni gumu zaidi, maana utani wa makabila tumekua nao. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hadi msibani! Siukatazi. Nachoangalia ni kama na yule mwingine anacheka na kurudisha. Kama mwenzake anarudi nyumbani analia, nenda na mwanao akamwombe radhi.

Baba akigoma kabisa kushika dodoki, hapo nawaachia wengine humu.