Gandisha maharagwe, ugali usonge jioni

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Unatoka kazini mjini Nakuru, unafika Lanet saa kumi na mbili na nusu, watoto watatu wana njaa na homuweki haijaguswa, na sasa umenunua friza ndogo ila hujui uijaze nini. Umeuliza pia chakula hukaa muda gani humo, na stima ikipotea itakuwaje. Mimi naishi upande wa Bahati, hukohuko Nakuru. Tuko watu watano nyumbani, na mama watoto ni muuguzi, wiki mbili kila mwezi yuko zamu ya usiku. Jioni hizo jikoni ni mimi. Huu ni mwaka wa nne nikipika Jumapili na kugandisha, kwa hiyo nakupa yale ambayo yamepita kwenye sufuria zangu.

Nilianza kwa kugandisha chakula kamili. Nilikuwa nimetazama video za Marekani, mtu anapanga milo ya wiki mbili, kila mlo kwenye chombo chake, wanga na mchuzi na mboga pamoja. Nikafanya vivyo hivyo na viazi vya mchuzi, na kabichi, hata na ugali. Ugali ulioganda ukiupasha hutoa maji na kumomonyoka. Viazi hugeuka sifongo, ukivitafuna vinatoa maji mdomoni. Watoto walisema wanalishwa kiporo, na walisema kweli. Siku moja nikakaa nikahesabu dakika. Ugali wa watu watano haufiki dakika ishirini. Sukuma ikishakatwa ni dakika tano. Kinachotula jioni ni kuchemsha: maharagwe, githeri, ndengu, nyama ngumu, kuku wa kienyeji, managu na kunde. Basi hicho ndicho kiende kwenye friza, kikiwa kimechemshwa na hakijaungwa. Kuunga na kusonga vibaki vya jioni, chakula kiwe cha leo kwa mlaji.

Maharagwe ndiyo yanayonilipa kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nilikulia Kisumu, na nilipohamia huku nilidhani nauziwa maharagwe yaliyolala ghalani, kwa sababu aina ileile ya maharagwe, nyayo, iliyokuwa ikiiva vizuri Kisumu, huku ilinigomea. Sababu ni mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Kadiri unavyopanda, maji hutokota kabla ya kufika digrii 100. Kwetu hapa hutokota kwenye 94 hivi. Sufuria inafoka mpaka kifuniko kinaruka, lakini joto lenyewe limepungua, na punje inakaa motoni zaidi. Kwa hiyo kama una pesa za kununua chombo kimoja tu baada ya hiyo friza, nunua sufuria ya presha. Inafunga mvuke, joto linapanda kupita 100, na kazi ya nusu siku inaisha kabla hamjarudi kanisani.

Jumamosi jioni tunachambua kilo mbili kwenye sinia, watoto wanatoa mawe, tunaloweka usiku kucha. Asubuhi namwaga yale maji, natia mapya, bila chumvi na bila nyanya. Ukali wa nyanya hulifanya ganda likaze, kwa hiyo nyanya isubiri. Najua wengi hutia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, nami nimeyaacha. Ukipata muuzaji mwenye Nyota, ile mbegu ya maharagwe ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, mchukulie: huiva upesi na ina madini ya chuma na zinki kwa wingi.

Kama huna presha, tumia jiko la makaa nje, au kile kikapu cha kupikia chenye pamba. Kwa kikapu kuna jambo moja usilipuuze. Maharagwe mabichi, hasa mekundu kama wairimu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutokota tu. Joto la uvuguvugu haliiondoi. Yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kwanza, ndipo uyafunike kwenye kikapu yamalizikie humo. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, hata kukiwa na baridi ya Julai. Ile hewa yake haina harufu na inaua.

Yaepue kabla hayajalegea kabisa. Chukua punje moja uibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada: inatakiwa ipasuke laini bila kuwa uji, maana itarudi motoni tena. Kilo mbili kavu hunipa mikebe saba ya lita moja, yakiwa na maji yake. Usiyamwage maji hayo. Maharagwe yaliyogandishwa makavu hupasuka maganda na kukauka, yaliyozamishwa kwenye supu yake hutoka kama yalivyoingia.

Sasa kupoza, na hapa ndipo nilipoumia. Mwezi wa kwanza nilipika githeri sufuria kubwa, nikaifunika, nikaiacha mezani usiku kucha ipoe. Asubuhi nikagawa, nikagandisha. Jumatano nikatoa mkebe mmoja, ukayeyuka kwenye sufuria, na kabla haujachemka harufu ya kuchacha ikanifikia, na povu jembamba jeupe likajipanga ukingoni. Nilifungua yote sita, yote yakawa vilevile. Kilo nzima ya mahindi na kilo ya maharagwe ikaenda shimoni, na watoto walikula mkate na chai. Friza haikuwa na kosa. Githeri ilikuwa imechacha kabla haijaingia, kwa sababu katikati ya sufuria kubwa iliyofunikwa uvuguvugu hukaa masaa mengi, na vijidudu huzaana humo. Baridi huvilaza, haiviui.

Tangu siku hiyo nagawa chakula kikiwa moto kwenye mabeseni mapana, kina kisizidi vidole vitatu. Sufuria ya mchuzi naikalisha ndani ya karai la maji baridi, nakoroga, nabadilisha maji yakipata joto. Lengo ni chakula kitoke motoni na kuingia kwenye baridi ndani ya saa mbili. Usiingize kitu cha moto kwenye friza ndogo kama yako, maana utayeyusha jirani zake. Na usijaze mkebe hadi ukingoni. Maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo acha nafasi ya kidole, la sivyo kifuniko kitapasuka.

Mikebe si lazima ununue ya bei. Ile ya aiskrimu na ya margarini inafaa kabisa, ilimradi chakula kiwe kimeshapoa ndipo ukitie, kwa kuwa plastiki nyepesi haifai kukutana na chakula cha moto. Bandika selotepu ya karatasi, andika kilichomo na tarehe. Usijidanganye kwamba utakumbuka. Ndengu na maharagwe vikishavaa barafu ni kitu kimoja.

Nyama naifanya hivi: kilo moja na nusu ya ng'ombe yenye mifupa, nachemsha na tangawizi na chumvi kidogo mpaka ilainike, nagawa mara tatu pamoja na supu. Kuku wa kienyeji vivyo hivyo. Nyanya zikishuka bei pale Soko la Wakulima nanunua nyingi, nazikaanga na vitunguu, saumu na hoho hadi mafuta yaelee juu, nagandisha rojo hilo kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Kikombe kimoja kinatosha sufuria moja ya jioni.

Nikueleze Jumatano iliyopita ilivyokuwa. Niliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Asubuhi nilikuwa nimehamisha mkebe wa maharagwe kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya friji, ila ulikuwa bado na kipande cha barafu katikati kikubwa kama ngumi. Nikaubinua kwenye sufuria, nikatia nusu kikombe cha maji, nikafunika, moto mdogo. Kwenye jiko la pili kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na miwili, akabandika maji ya ugali. Maharagwe yalipoanza kutokota nikadondosha kikombe cha rojo, kikazama, kikaelea, mchuzi ukabadilika rangi taratibu kutoka kahawia kwenda wekundu. Dhania mwishoni. Binti akakata sukuma. Saa moja na dakika kumi tulikuwa tumeshika ugali, na mdogo wao akaomba kuongezwa mchuzi. Miaka mitano iliyopita saa hiyo ningekuwa ndio kwanza naloweka ndengu.

Kwa mboga za kienyeji nilifundishwa na mama mkwe, mtu wa Vihiga. Kwao managu, saga na kunde huchemshwa leo, hutiwa maziwa, hupashwa kesho na keshokutwa, na kila siku uchungu unapungua na ladha inakolea. Nilimuuliza kama naweza kugandisha, akanyamaza kidogo, akasema nijaribu ila maziwa nisiyatie. Alikuwa sahihi, maziwa yakiganda ndani ya mboga hujitenga yakawa chengachenga. Nachemsha mboga, napoza, nakamua kwa mkono, nafinyanga madonge ya ukubwa wa chungwa, nagandisha. Jioni donge linaingia kwenye kitunguu, maziwa au krimu juu, dakika kumi. Alipotutembelea Desemba nikampa bila kumwambia. Alikula, akauliza nimezichuma saa ngapi. Mrenda sikushauri, upike siku ileile. Sukuma pia sigandishi, sioni faida.

Chapati zinakubali sana. Zipoe zikiwa zimetandazwa, zisipangwe zikiwa moto, maana mvuke wake unageuka maji na zinashikana. Weka karatasi safi kati ya moja na nyingine. Zinapashwa kwenye kikaango bila kuyeyushwa kwanza. Mayai ya kuchemsha usigandishe, ute wake hugeuka mpira. Kachumbari, hilo unalijua.

Kuhusu muda: kwenye digrii 18 chini ya sifuri chakula hakiharibiki, kinachopungua ni ladha na ulaini. Mimi maharagwe siyapitishi miezi mitatu, nyama yenye mchuzi miwili. Kwa kweli kwangu hakuna kinachofika huko, mwezi haujaisha kimeliwa. Chakula kilichoyeyuka mezani hadi kikapata uvuguvugu usikirudishe kwenye friza. Na ukishakipasha, kichemke kweli hadi katikati.

Stima. Friza iliyojaa isipofunguliwa huhimili baridi yake saa 48 hivi, iliyojaa nusu ni kama saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, zikiganda zinakuwa akiba ya baridi. Stima ikipotea usifungue mlango kuchungulia, ifunike kwa blanketi ukiacha sehemu ya nyuma inayotoa joto, na stima ikirudi toa blanketi mara moja. Shida ni pale inapopotea mkiwa safarini. Unarudi, kila kitu kimeganda, na hujui kama kiliyeyuka katikati kikaganda upya. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka shilingi kumi juu ya barafu na ukiache humo daima. Ukirudi ukute sarafu imezama chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka, nawe tupa nyama na mboga bila kubishana na nafsi yako. Ikiwa juu, kula. Agosti 2023, stima ilipopotea nchi nzima usiku wa tarehe 25, tulikuwa Kisumu kwa mazishi. Niliporudi Jumapili jioni kitu cha kwanza nilichofungua ni friza, kabla hata ya kuvua viatu. Sarafu ilikuwa juu.

Wiki hii usianze na vyote. Fanya maharagwe kilo mbili na rojo, basi, uone Jumatatu hadi Alhamisi zitakavyokwenda. Gesi pia iangalie. Mtungi wangu wa kilo 6 ulikuwa ukiisha kwa wiki tatu, sasa unafika ya tano, kwa sababu kazi ndefu yote inafanyika Jumapili kwenye presha au makaa. Ukishazoea, niulize vipimo vya chapati thelathini, nitaviandika hapahapa.