Karatasi mbili ndani ya faili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku. Kijana wa stoo umemwachisha kazi Ijumaa. Hesabu ya mzigo ilikataa miezi mitatu mfululizo, ukamsema kwa mdomo mara nyingi, barua ya onyo ukampa moja, kikao hukuita. Sasa unaniuliza: "Mama, kama mtu kweli hawezi kazi, utaratibu ukipungua kidogo nimemdhulumu nini?"

Hata mimi niliwahi kuliuliza swali hilo nikiwa afisa utumishi kiwandani, tena kwa sauti ya juu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa bado ngeni kwetu Tanzania. Nilimwachisha karani wa mizani, akanipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Nikafungua faili lake mbele ya msuluhishi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, ya kumwajiri na ya kumfukuza. Yule mama akazilaza mezani, akaacha nafasi ya kiganja kati yake, akauliza, "Hapa katikati kulitokea nini?" Nikasema kiwanda kizima kinajua huyu hawezi. "Sawa. Nani alimpima?"

Nikanyamaza. Karani ndiye aliyesema: mizani mpya ililetwa na kijitabu cha Kichina, hakuna aliyemwonyesha kuirudisha sifuri kabla ya kupakia. Jambo la dakika tano! Ningelisikia ofisini kwangu, kama ningemwita.

Sisemi kila anayeshindwa ana kisa kama hicho. Wengine hawawezi, hata uwafundishe mwaka mzima. Lakini sheria hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe vyote viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Kimoja hakifuti deni la kingine. Na kanuni za 2007 zimeeleza utaratibu wenyewe kwa utendaji mbovu: uchunguze kwa nini anashindwa, umwelekeze, umwonye, umpe muda wa kutosha kujirekebisha, kisha asikilizwe akiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwizi anajua alichofanya. Asiyeweza kazi huenda hata hajui anapokosea, na wewe usipopita hatua hizo hujui pia, unadhani tu. Ndiyo maana sikubaliani na hilo neno lako "kidogo". Ulichoruka ndicho kingekuwa ushahidi wako.

Ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume, na kwa kuwa amefanya kazi kwenu miaka miwili, hamuwezi kusema alikuwa bado mgeni kazini, asiye na haki ya kulalamika. Usimngoje huko. Mpigie, aje na mtu wake, mkae. Mkiona mlikosea, arudi. Mkishindwana, zungumzeni malipo, muandikishane. Na atatokea mtu hapo ofisini akushauri uandike barua mbili za onyo leo, uziwekee tarehe za nyuma. Mfukuze chumbani. Hilo si pengo la utaratibu tena, ni kughushi.

Mkikaa naye, mwanzo kabisa muulize jambo moja lililonikosesha usingizi. Umeniandikia, kama utani, kwamba stoo inafunguliwa zamu mbili na yeye ni wa mchana. Mzigo unaotoka usiku nani anauandika kwenye leja?

Mama yako